Kitabu Ambacho Hakuna Aliyekiazima

Rodah Chepyegon alikuwa amechoka tangu Jumatatu, na sasa ilikuwa Alhamisi. Haukuwa ule uchovu wa kulala ukaisha. Ulikuwa ule wa mtu anayeamka ameshachoka, anapiga mswaki amechoka, anacheka na wenzake kazini huku moyo umeketi mahali fulani na kukataa kuinuka. Ukimwuliza hali, angekuambia ni mvua.

Mvua yenyewe ilikuwa inaanza. Kericho haina haja ya kuangalia saa. Mvua ya mchana inakuja wakati wake, inafuta mashamba ya chai kwenye dirisha, na watu wanawasha taa. Rodah aliwasha taa ya chumba cha nyuma cha maktaba ya chuo, akarudi kwenye meza yake, akalitazama lile rundo la karatasi lililomharibia siku.

Zilikuwa prufu za kitabu, kurasa za kukaguliwa kabla ya kuchapwa. Kitabu chake, chake yeye na Ogada. Miaka mitatu walikuwa wamekiandika: mwongozo wa Kiswahili kwa wakutubi wa vyuo vikuu, ulioandikwa na wakutubi wenyewe, si na mtu ambaye hajawahi kupanga rafu. Mchapishaji wa Nairobi alikuwa amekwisha kupanga kurasa. Alichotaka sasa ni makosa yasahihishwe na faharasa iandaliwe, vyote viwe mezani kwake Jumatatu. Faharasa, ile sehemu ya mwisho wa kitabu inayokuambia jina fulani au jambo fulani liko ukurasa gani, ilikuwa kazi ya Rodah. Hakuna aliyemfikia kwa faharasa. Alikuwa na jicho la kupita juu ya ukurasa bila kuusoma na bado likanasa kila jina.

Basi jicho hilo lilikuwa linapita juu ya sura ya saba, sura ya Ogada, likanasa jina ambalo hakulitarajia. Chepyegon, wa Kimulot. Baba yake mzazi.

Alisoma ukurasa ule mmoja. Akaugeuza kifudifudi. Akachukua simu akaandika neno moja: Kuja.

Ogada alikuja akipangusa miwani kwa ncha ya sweta, ile ya kijani aliyonunuliwa na Rodah. Alikuwa mwanamume mrefu aliyevuka arobaini, mpole wa sauti, aliyezaliwa kwenye nyumba za wafanyakazi wa kiwanda cha chai ambako babake alitunza mashine za kukaushia majani. Watu walimwita mtu wa ziwani kwa sababu wazazi wake walitoka huko, lakini ziwa lenyewe alilijua kwa kwenda matanga tu. Kwa kawaida akiingia chumba hiki Rodah humtazama mara mbili: mara ya kwanza kama mfanyakazi mwenzake, kwa ajili ya macho ya watu, na mara ya pili kwa ajili yake mwenyewe. Leo alimtazama mara moja tu, na Ogada akaiona tofauti.

"Umefika chapta saba," akasema.

"Nimefika."

"Na?"

"Toa."

Ogada akavuta kiti, akaketi bila kukaribishwa. "Nitoe nini, Rodah? Mhariri mwenyewe ndiye alisema chapta haina uhai, niweke mfano wa kweli. Nikaweka."

"Ukaweka baba yangu."

"Nilijiweka mimi. Anayekosea pale ni mimi."

"Ati wewe. Wanafunzi wa maktaba nchi nzima watasoma vile Mwalimu Chepyegon alifungiwa mandazi na kitabu chake mwenyewe. Watacheka, Ogada. Hawatacheka wewe."

Ogada akaitazama ile karatasi iliyogeuzwa kifudifudi. Jambo lenyewe lilikuwa limetokea, na wote wawili walikuwa wanaliishi mpaka leo.

Lilikuwa hivi. Mwalimu Chepyegon alifundisha Kiswahili shule za Konoin mpaka akastaafu, na alipostaafu akaandika kitabu: jinsi chai ilivyoingia kwenye mashamba madogo ya Kimulot, nani alipanda miche ya kwanza, nani aliwacheka. Alikichapa kwa gharama yake, nakala chache, akagawa, na moja akaileta kwa mikono yake mwenyewe maktabani anakofanya kazi binti yake. Ikawekwa rafuni. Miaka ikapita. Halafu paa likavuja upande ule, na ikafika ile kazi ambayo wakutubi huiita kupalilia, yaani kuondoa vitabu vilivyoharibika na visivyosomwa ili vipya vipate nafasi. Rodah alikuwa Eldoret kwenye mafunzo. Ogada ndiye aliyepalilia. Akachukua kitabu, akaona kimelowa pembeni, akafungua karatasi ya tarehe za kuazimwa akaikuta nyeupe, akagonga muhuri wa kuondoa, akatupa kwenye gunia la karatasi za kuuzwa. Hakutazama hata jina la mwandishi. Gunia likaenda linakoenda, na siku moja Mwalimu Chepyegon akanunua mandazi sokoni Kimulot, akayala njiani, akafungua kile kikaratasi kilichoyafunga akajikuta anasoma maneno yake mwenyewe, na muhuri wa maktaba juu yake.

Mbaya zaidi, wiki iliyofuata ndipo Ogada alipokuja Kimulot na wajomba zake kujitambulisha kama mchumba wa Rodah. Chai ikamwagwa vikombeni, maombi yakafanywa, wageni wakaanza kueleza kilichowaleta. Mzee akasikiliza mpaka aliposikia mgeni anafanya kazi gani. Akauliza swali moja: nani alikitupa? Ogada angeweza kusema hajui. Akasema, "Ni mimi, Mzee. Kilikuwa hakijaazimwa hata siku moja." Mzee akainuka, akatoka kwenda kutazama ng'ombe, na hakurudi mpaka wageni walipoondoka.

Watu wa nyumbani walitafuta sababu nyingine, maana hiyo ya kitabu waliona ni ndogo mno. Wengine walisema ni kabila. Kipkemoi, kaka yake Rodah, alisema dadake angetafuta tu mtu wa karibu anayejua kukamua. Mzee mwenyewe hakusema kitu. Kila mara Ogada alipotajwa, alikwenda kuangalia ng'ombe.

"Umesoma mpaka wapi?" Ogada akauliza sasa, taratibu.

"Nimesoma ya kutosha."

Kulikuwa na neno mdomoni mwa Ogada, Rodah aliliona likija, kisha akaliona likimezwa.

"Sawa," akasema. "Lakini ukitoa chapta, toa na jina langu kwa jalada."

"Unanitisha?"

"Sikutishi. Ni vile chapta hiyo ndiyo kitu cha kweli nimeandika humo. Zile zingine ni za kufundisha watu kupanga kadi." Akavua miwani tena, ingawa haikuwa na maji. "Na Jumatatu ni siku yangu pia. Wale wa chuo cha kule ziwani wanataka jibu. Ni kazi nzuri. Mkuu wa maktaba."

Rodah alikuwa anajua habari za ile kazi, lakini alikuwa ameiweka mbali, mahali mtu anapoweka vitu asivyotaka kuvishika. "Uliwaambia nini?"

"Niliwaambia nangoja kitabu kitoke."

Wote wawili walijua si kitabu kilichokuwa kinangojwa.

"Ningeomba unipatie hata sababu moja ya kubaki," Ogada akasema. "Sikulaumu. Nimengoja babako, nikangoja wewe, nikangoja mvua iishe. Nimechoka tu, Rodah."

"Mimi pia nimechoka."

"Najua. Naona."

Ingekuwa siku nyingine wangecheka, watu wazima wawili wanashindana kuchoka. Leo walisikiliza maji yakigonga mabati. Rodah alitamani anyooshe mkono aguse ile sweta pale kwenye kiwiko ilipoanza kufumuka. Mkono ukabaki mezani. Ogada akainuka, akatoka, na baada ya muda Rodah alipokusanya mkoba wake aondoke, alikuta mwavuli wa Ogada umeegemezwa mlangoni. Alikuwa ametembea kwenye mvua akamwachia.

*

Kila Ijumaa Rodah alipanda kwenda Kimulot kumwona baba yake. Mama yake alikuwa amefariki kitambo, na ingawa Kipkemoi na mkewe Fancy waliishi boma hilohilo, kulikuwa na mambo ambayo Mzee alikubali kufanyiwa na binti yake tu. Kukatwa kucha, kwa mfano. Kuambiwa ukweli kuhusu shati lake.

Kimulot iko juu, karibu na msitu, na baridi yake huingia mpaka kwenye meno. Fancy alimpokea jikoni kwa kikombe cha chai kabla hajaweka mkoba chini.

"Uso gani huo?" Fancy akauliza. "Ama yule mtu wa vitabu amekukosea?"

"Wacha, Fancy."

"Mimi nimewacha. Ni wewe hujawacha." Akamwongezea sukari bila kuulizwa. "Nasikia anaenda."

"Umesikia wapi?"

"Kericho ni kubwa kwani? Mimi naye nitasikitika. Ndiye mgeni pekee alikuja hapa akaosha kikombe chake. Wewe ungeona wajomba zake vile walimshangaa."

Rodah alimaliza chai, akaingia sebuleni.

Mwalimu Chepyegon alikuwa ameketi kwenye kiti chake karibu na jiko la makaa, blanketi magotini, redio ikisema peke yake. Mtoto wa jicho alikuwa amemfunika macho yote mawili. Alikuwa amepangiwa upasuaji hospitali ya Longisa, na mpaka siku hiyo ifike aliwatambua watu kwa hatua zao na vitu kwa sauti zao. Rodah aliposogeza mkoba, karatasi zikachakarika ndani. Mzee akazima redio.

"Hiyo si karatasi ya gazeti," akasema.

"Ni prufu, Baba."

"Za kitabu chenu?"

"Ndio."

"Nisomee."

"Ni mambo ya rafu na kadi tu. Itakuchosha."

"Redio ndiyo inanichosha. Nisomee ile sehemu ya yule kijana."

Rodah hakuwa amewahi kumsikia baba yake akimtaja Ogada kwa hiari tangu siku ile. Angeweza kusema hana sehemu hiyo. Angeweza kusoma na kuruka ukurasa. Macho ya Mzee yasingeona. Lakini mtu anayetofautisha prufu na gazeti kwa mchakariko angesikia kurasa mbili zikigeuzwa pamoja. Basi akaketi kwenye kigoda, akasogeza taa, akaanza sura ya saba.

Alisoma polepole, akitumaini Mzee angesinzia. Hakusinzia. Akaufikia ule ukurasa. Akaacha kusoma.

"Mbona umenyamaza?"

"Hapa... hapa umetajwa, Baba."

"Kwa ubaya?"

"Sijui."

"Basi soma tujue."

Akasoma. "Kitabu hicho kiliandikwa na Mwalimu Chepyegon wa Kimulot. Aliyekiondoa ni mimi. Sikukifungua nisome hata mstari. Nilitazama karatasi ya tarehe, nikaiona nyeupe, nikagonga muhuri. Mwandishi alikipata tena sokoni, kikiwa kimefunga mandazi. Nilipoulizwa nilijibu kwamba hakikuwa kimeazimwa hata siku moja, na nilidhani nimetoa jibu."

Hapo ndipo ukurasa ulipokwisha. Hapo ndipo Rodah alipokuwa ameishia jana, akafunika, akaita vita. Akageuza, na sasa alikuwa anasoma maneno ambayo hakuwahi kuyaona.

"Tangu hapo nimekitafuta. Nimeuliza katika shule za Konoin, nimekwenda Longisa kwa familia ya mwalimu aliyewahi kukimiliki, nimekwenda Ndanai. Nakala zote zimekwisha. Lakini huko Ndanai nilikutana na mwalimu mmoja aliyesoma chuoni kwetu. Aliniambia alikisoma chote. Nikamwuliza mbona hakukiazima. Akasema alikisoma saa za chakula cha mchana, amesimama palepale kwenye rafu, kwa sababu hakuwa na hela ya chakula na kile kitabu kilimfanya asahau. Alinisimulia habari ya mama wa mwandishi, aliyepanda miche ya chai usiku wa mvua ili majirani wasimcheke. Aliisimulia bila kukosea, na mimi niliyekishika kitabu mkononi sikuijua. Hesabu yetu wakutubi haimhesabu anayesoma akiwa amesimama. Kwa hiyo nashauri: kabla hujagonga muhuri, soma kurasa kumi. Kama huna muda wa kurasa kumi, muhuri si wako."

Makaa yakateleza ndani ya jiko. Rodah alikuwa analia bila sauti, na hakujua alianza kwenye neno gani. Aliziona zile Jumamosi zote. Jumamosi ambazo Ogada alisema ana shughuli, akarudi Jumapili na matope kwenye viatu na maneno machache. Alidhani mapenzi yanapoa. Alidhani mwanamume ameanza kumchoka na hana ujasiri wa kusema. Kumbe alikuwa anazunguka vijijini akigonga milango ya watu kwa ajili ya kitabu cha mzee asiyetaka hata kumwona.

Mzee alipozungumza, alizungumza Kiswahili. Kwa kawaida aliongea na watoto wake kwa Kipsigis, lugha ya nyumbani. Kiswahili alikitunza kwa siku nzito.

"Ulikuwa umeisoma hii?"

"Nilisoma ukurasa mmoja tu, Baba."

"Kwa nini mmoja?"

"Nilikuwa natafuta majina ya faharasa. Nikaona jina lako."

"Ukakasirika."

"Nikamwambia aitoe."

Mzee akatikisa kichwa taratibu. Akanyoosha mkono kuelekea joto la jiko, akaukunja, akaukunjua. "Na kile changu mimi, Rodah. Wewe ulikisoma?"

Swali lilikuja kwa upole, ndiyo maana liliuma hivyo. Rodah ndiye aliyekiandikisha kitabu kile siku kilipoletwa. Ndiye aliyekipa namba, akabandika karatasi ya tarehe, akapima urefu wake kwa rula kama sheria inavyotaka. Angeweza kukuambia kitabu cha baba yake kina sentimita ngapi.

"Sikukimaliza," akasema.

"Ulikianza?"

Nje Fancy alikuwa anamfokea ndama. Rodah akasubiri mpaka sauti ile ikapita, kana kwamba ingemwokoa. "Hapana, Baba. Sikukianza."

"Nilijua."

"Ulijua?"

"Yule kijana aliketi pale ulipoketi wewe. Nikamwuliza, akaniambia ukweli mbele ya wajomba zake. Hakijaazimwa hata siku moja. Hata siku moja, na binti yangu anaamkia kwenye maktaba hiyohiyo kila asubuhi. Sasa ningemkasirikia nani? Wewe ndiye unayenikata kucha. Nikamkasirikia yeye. Ilikuwa rahisi."

Rodah aliteremka kwenye kigoda akapiga magoti, akaweka paji la uso kwenye blanketi la baba yake, akaomba msamaha mara nyingi. Mzee alimwacha. Kisha akampapasa kichwani, kwa kupapasa kweli, maana hakukiona.

"Inuka," akasema, sasa kwa Kipsigis. "Mimi mwenyewe nimechoka. Hasira ni kazi, na mimi nilishastaafu. Chini ya kitanda changu kuna sanduku la bati. Lete kitabu kilichofungwa na leso ya mamako."

Rodah akakileta. Hakuhitaji kukifungua ajue ni nini.

"Ameandika zimekwisha," Mzee akasema. "Sahihisha hapo. Imebaki moja. Watu waliniuliza kama ninayo ya kuuza, hakuna aliyeniuliza kama ninayo ya kusoma. Na yalikuwa mandazi mawili. Sijui ameandikaje hapo."

"Haijasema ni mangapi."

"Vizuri. Iache." Akakipapasa kitabu mgongoni. "Sasa mwambie huyo kijana aje kesho. Mimi sioni, lazima nisomewe."

"Nitakusomea mimi, Baba. Nitaanza sasa hivi."

"Wewe utaketi usikilize. Aliyegonga muhuri ndiye atakayesoma. Kurasa kumi, amesema mwenyewe. Tutaona kama anaandika tu."

Rodah akatoka nje na simu, akasimama karibu na zizi ambako mtandao hupatikana. Kwanza akamwandikia mhariri wa Nairobi: sura ya saba ibaki, na pale penye nakala zote zimekwisha paandikwe nakala moja imepatikana. Kisha akapiga. Ogada aliitika haraka, na nyuma yake ilisikika sauti ya utepe wa gundi ukivutwa kwenye boksi.

"Unapakia?" Rodah akauliza.

"Napakia vitabu tu. Nguo hazina kazi."

"Wacha kwanza. Baba anasema uje kesho."

"Anifukuze tena?"

"Umsomee."

Sauti ya utepe ikakoma. "Nimsomee nini?"

"Njoo tu, Ogada. Tafadhali. Na uje na miwani."

*

Alimngojea barabarani, pale njia ya udongo inapoachana na lami, mvua ikinyesha kwa uvivu juu ya chai. Ogada alishuka kwenye pikipiki amelowa mabega. Rodah akafungua ule mwavuli alioachiwa na kumfunika nao, na kwa kuwa Ogada ni mrefu ilimbidi ainue mkono wote, na kwa kuwa mwavuli ni mmoja ilimbidi asogee karibu.

"Nilisoma mpaka mwisho," akasema.

"Siku ile ulikuwa umefika wapi?"

"Ukurasa mmoja."

Ogada akacheka kidogo, kicheko cha mtu asiye na nguvu za kucheka zaidi. "Mkutubi kamili."

"Mbona hukuniambia unakitafuta?"

"Ningekuambia nini? Kila mara nilirudi mikono mitupu."

"Nilidhani umenichoka."

Ogada akasimama. Maji yalikuwa yanashuka kwenye ncha za mwavuli yakiwazunguka pande zote, na ng'ambo ya shamba wachumaji walikuwa wanafunga vikapu vyao waende kituo cha kupimia majani. Ogada akamshikia mwavuli ili mkono wake upumzike, na vidole vyake vikabaki juu ya vya Rodah.

"Nimechoka sana, Rodah," akasema. "Lakini hujawahi kunichosha wewe."

Rodah alimtazama. Alimtazama mara ya pili. Wachumaji wakaona, na Kimulot ingejua kabla ya giza. Rodah alikosa nguvu za kujali.

Sebuleni, Mzee alikuwa amevaa koti. Ogada akainama mlangoni, akasalimia kwa Kipsigis. "Chamgei, Mzee."

"Chamgei." Uso wa Mzee ulifuata sauti mpaka ukampata. "Nasikia unakwenda ziwani."

"Nilikuwa nakwenda, Mzee."

"Ulikuwa?"

Ogada akamtazama Rodah, kisha akamtazama tena mzee. "Nilikuwa."

"Keti basi. Kitabu ni kirefu, na mimi sipendi kusomewa haraka. Tutakuwa tunasoma Jumamosi."

Ogada akaketi kwenye kile kigoda, magoti yakamfika kifuani, akafungua leso, akafunua kitabu ukurasa wa kwanza. Akaanza. Kiswahili chake kilikuwa kizuri, lakini majina ya watu na ya milima yalimshinda. Kila alipojikwaa kwenye moja, Mzee alimsimamisha, akalitamka, akamrudisha. Ogada alirudia kama mtoto wa darasa la kwanza. Fancy alileta chai na mursik, maziwa yaliyogandishwa kibuyuni, akaona nani ameketi wapi, akaweka vyote chini taratibu na kuondoka na habari.

Rodah alikuwa kwenye kochi upande wa dirisha. Alikuwa ameahidi kusikiliza, na alisikiliza. Alisikia miche ikinunuliwa, majirani wakicheka, bibi yake akitoka na jembe kwenye mvua. Alitaka kujua bibi ataikinga miche na nini. Lakini joto la jiko lilikuwa limemfikia miguuni, na zile sauti mbili zilikuwa zinapokezana, moja ikisoma na moja ikisahihisha, na ule moyo uliokuwa umekataa kuinuka wiki nzima ukaona sasa hakuna haja ya kuinuka. Kichwa kikaegemea ukuta.

Kwa mbali, kama mtu anayesikia akiwa chumba kingine, alimsikia Ogada akinyamaza katikati ya sentensi.

"Kwani umefika mwisho wa ukurasa?" Mzee akauliza.

"Bado, Mzee. Ni Rodah. Amelala."

Kulikuwa na mchakariko wa blanketi likitolewa magotini.

"Mfunike na hili," baba yake akasema. "Halafu endelea, lakini kwa sauti ya chini. Huyu wako amechoka."